Chakula chenye kolesteroli nyingi kinaufanyia nini mfuko wa nyongo wa mnyama?

Swali: Shikamoo daktari. Nina mbwa jike wa miaka tisa hapa Arusha, mchanganyiko tu, hana jina la kizungu. Namlisha ugali na vichwa vya mbuzi ninavyopewa buchani, pamoja na ubongo na yale mafuta ya kwenye figo. Kwa kuwa nafuga kuku, mayai yanayopasuka nayo ni yake. Mwezi uliopita alitapika siku kadhaa, akapigwa ultrasaundi, wakasema mfuko wa nyongo una tope. Mwanangu yuko chuo, ananiambia imethibitishwa maabara kwamba wanyama wakilishwa kolesteroli nyingi wanapata mawe ya nyongo. Ni kweli? Na mbuzi na ng'ombe wangu je, maana nawapa mashudu ya alizeti yenye mafuta? Jirani ameniambia nimpe mbwa limau na mafuta ya zeituni yasafishe nyongo. Nimpe?

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Limau na mafuta ya zeituni usimpe kabisa; nitakueleza sababu hapo mbele.

Mwanao hajakudanganya. Wapo wanyama ambao ukiwalisha kolesteroli kwa wingi, baada ya wiki chache unawakuta na mawe, na jambo hilo limerudiwa maabara mara nyingi kiasi kwamba halina ubishi tena. Ila mawe ni hatua ya mwisho. Kinachoharibika mapema ni mfuko wenyewe: ukuta wake unanyonya kolesteroli, unapoteza nguvu, unashindwa kujikamua, na nyongo inalala humo mpaka inakuwa nzito. Kwa mbwa wako, hilo la mfuko kushindwa kujikamua ndilo la kuangalia kuliko mawe.

Nyongo inatengenezwa na ini, mchana na usiku. Mfuko hauitengenezi, unaipokea tu, unaipunguza maji na kuitunza mpaka mnyama ale. Umewahi kumtazama mchinjaji anavyouchomoa ule mfuko wa kijani chini ya ini, taratibu, usije ukapasuka maini yote yakawa machungu. Mbuzi aliyefungwa tangu jana bila kula huwa na mfuko uliotuna kuliko yule aliyetoka malishoni, kwa sababu hakuna chakula kilichouamuru ujikamue. Amri hiyo inatoka kwenye utumbo. Mafuta na protini vikifika mwanzo wa utumbo mwembamba, utumbo unamwaga kwenye damu homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo Ivy na Oldberg waliieleza mwaka 1928 huko Chicago. Homoni hiyo inafika kwenye msuli wa mfuko, msuli unabana, nyongo inateremka kwenda kusaidia kumeng'enya mafuta.

Ndani ya nyongo, ukiacha maji na rangi, kuna vitu vitatu vya kuzingatia: chumvi za nyongo, fosfolipidi (aina ya mafuta yanayoshikana na maji), na kolesteroli. Kolesteroli haiyeyuki kwenye maji. Hivyo viwili vingine ndivyo vinavyoibeba isijitenge. Mwaka 1968 Admirand na Small, watafiti wa Boston, walichora pembetatu inayoonyesha kwa uwiano gani wa vitu hivyo vitatu nyongo inabaki kimiminika safi, na ni wapi kolesteroli inazidi wabebaji wake na kuanza kujitenga kuwa chembe. Mchoro huo unatumika hadi leo. Kwa mnyama anayekula kolesteroli nyingi, swali la kwanza ni hili: ini lake linaipeleka wapi ile ya ziada? Likiigeuza kuwa chumvi za nyongo, wabebaji wanaongezeka na mnyama anasalimika. Likiisukuma kwenye nyongo ilivyo, uwiano unaharibika.

Tofauti kati ya mnyama na mnyama inaanzia hapo, na nadhani hiyo ndiyo sehemu ambayo mwanao hakuambiwa darasani. Hata ndani ya jamii moja majibu yanapishana. Chukua vipanya vidogo vyeupe na vyeusi vya maabara. Wapo wa ukoo unaoitwa C57L, na wapo wa ukoo wa AKR. Wote wakipewa chakula kilekile, chenye mafuta ya maziwa asilimia 15, kolesteroli asilimia 1 na asidi ya koliki (moja ya asidi za nyongo) asilimia 0.5, wale wa C57L wengi wao wana mawe ndani ya wiki nane, wakati wa AKR karibu wote wanabaki salama. Kwa kuwazalisha koo hizo mbili pamoja na kufuatilia vijukuu, watafiti akiwemo Beverly Paigen wa Jackson Laboratory, jimbo la Maine, na Martin Carey wa Harvard, walitangaza mwaka 1995 kwamba sehemu mojawapo ya kromosomu ya 2 inachangia sana tofauti hiyo. Waliiita Lith1. Baadaye zikapatikana nyingine nyingi. Kwa hiyo chakula ni sababu, na damu ya ukoo nayo ni sababu.

Angalia pia kile kiungo cha tatu kwenye chakula chao, asidi ya koliki. Hicho si chakula cha mtu wala cha mnyama. Kinawekwa makusudi, kwa sababu kipanya akipewa kolesteroli peke yake hujitetea vizuri, anaigeuza kuwa chumvi za nyongo na kuitoa. Asidi ya koliki inaongeza ufyonzaji wa kolesteroli kwenye utumbo na papo hapo inalizuia ini lisitengeneze chumvi mpya. Ukisoma mahali kwamba "kolesteroli ilileta mawe kwa panya", tafuta kwanza kama kulikuwa na asidi ya koliki ndani. Mara nyingi utaikuta.

Mnyama aliyetufundisha zaidi kuhusu mfuko wenyewe hahitaji msaada huo. Ni kindi wa ardhini wa nyanda za Amerika Kaskazini, jenasi Cynomys, anayechimba mashimo na kuishi kwa makundi. Anakula majani na mbegu, yaani kwa kawaida yake hapati kolesteroli hata kidogo kwenye chakula. Madaktari wa upasuaji walimpenda kwa kuwa nyongo yake inafanana na ya binadamu, na akipewa chakula chenye kolesteroli asilimia 1.2, mawe yanaonekana ndani ya wiki mbili au tatu hivi. Kwa kuwa mambo yanakwenda haraka hivyo, watafiti waliweza kumfungua siku baada ya siku na kuona nini kinatangulia nini.

Kilichotangulia ni nyongo kuzidiwa na kolesteroli. Kisha ukuta wa mfuko ukaanza kutoa ute mwingi kuliko kawaida, kabla hata chembe haijaonekana. Ute huo ndio unaozishika chembe za kolesteroli zisitoke, zikakua na kuungana. Mwaka 1981 Lee, Carey na LaMont walionyesha jambo la kushangaza: kindi waliopewa aspirini kwa kiwango kikubwa, pamoja na kolesteroli ileile, hawakutoa ute mwingi na hawakupata mawe, ingawa nyongo yao ilikuwa imezidiwa na kolesteroli vilevile. (Tafadhali usimpe mbwa aspirini kwa kusoma hapa. Inachubua tumbo la mbwa na kumtoa damu.) Na wakati huohuo, msuli ulikuwa umeshadhoofika. Vipimo vya kiasi gani cha nyongo kinatoka baada ya mnyama kula au kuchomwa kolesistokinini vilionyesha kwamba mfuko unabakiza nyongo nyingi kabla ya jiwe la kwanza kuonekana. Jiwe halikuwa limeziba kitu. Mfuko ulikuwa umeshindwa wenyewe.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni ule wa kinyume chake. Kindi waliokuwa wakila kolesteroli lakini wakachomwa kolesistokinini kila siku, ili mfuko ulazimike kujikamua, walikingwa wasipate mawe. Nyongo ilikuwa mbaya ileile, ila haikupewa nafasi ya kulala.

Kwa nini msuli unadhoofika? Kila chembe hai ya msuli imezungukwa na utando ambao kolesteroli ni sehemu yake halali. Ukuta wa mfuko wa nyongo una tabia ya kufyonza, ndiyo maana unaweza kupunguza maji ya nyongo. Nyongo ikizidiwa, ukuta unafyonza kolesteroli pia, inapenya hadi kwenye msuli na kujazana ndani ya ule utando. Utando unakuwa mgumu. Kipokezi cha kolesistokinini kimekaa kwenye utando huohuo, kwa hiyo homoni inafika, inagonga, lakini ujumbe hauingii ndani. Behar na Biancani wa Chuo Kikuu cha Brown walichunguza hili kwa miaka mingi, kwa kindi na kwa mifuko iliyotolewa wagonjwa hospitalini. Waligundua kwamba ukizichochea chembe za msuli kwa njia inayokiruka kipokezi, zinabana kama kawaida, maana yake mashine ya ndani ni nzima. Na walipoziloweka chembe hizo kwenye vijitone vya mafuta visivyo na kolesteroli, vijitone vikainyonya ile ya ziada, nguvu ya kubana ikarudi. Mimi hilo hunipa matumaini kila ninapolikumbuka: uharibifu wa mwanzo unarekebishika. Ukichelewa, ukuta ukavimba na kupata makovu, hadithi inakuwa nyingine.

Wanyama wengine nitawapitia kwa haraka, ili wakusaidie kuona kwamba hakuna kanuni moja. Hamsta alimshangaza Henrik Dam, Mdenmaki aliyepata Tuzo ya Nobel kwa kugundua vitamini K. Mwaka 1952 yeye na Christensen waliripoti kwamba hamsta wachanga walipata mawe ya kolesteroli kwa chakula kisicho na mafuta na kilichojaa sukari. Kolesteroli haikutoka sahanini, ini ndilo lililoitengeneza. Sungura, ambaye Anitschkow alimlisha kolesteroli huko Urusi mwaka 1913 na kumharibu mishipa ya damu, si mwepesi kupata mawe ya kolesteroli. Panya mkubwa wa nyumbani hana mfuko wa nyongo kabisa, kwa hiyo utafiti wowote wa "panya" unaozungumzia mfuko ujue ni yule mdogo. Farasi, punda na pundamilia hawana. Ngamia hana, tembo hana, mbuni hana, njiwa hana, na twiga kwa kawaida hana. Kwao nyongo inatiririka moja kwa moja kwenda utumboni.

Mmoja nitamtaja kwa sababu ni wa kwetu: tumbili, wale wa kijivu wanaoruka kwenye bustani zenu huko Arusha. Jamii yao ilipelekwa Marekani, na huko North Carolina kundi la Lawrence Rudel liliwalisha kolesteroli pamoja na mafuta ya nguruwe kwa muda mrefu kuangalia mishipa ya moyo. Wengi wao walikutwa na mawe ya kolesteroli kwenye nyongo. Waliopewa kolesteroli ileile lakini mafuta yake yakawa ya samaki, mawe yalikuwa machache zaidi. Kolesteroli haiji peke yake sahanini, na aina ya mafuta yanayoandamana nayo ina uzito wake.

Mbuzi na ng'ombe wako waondoe kwenye hofu hii. Kolesteroli inapatikana kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama. Mashudu ya alizeti, hata yakiwa yamebaki na mafuta mengi kwa sababu ya mashine ndogo za kukamulia, hayana kolesteroli ya kuzungumzia. Ng'ombe anayelishwa mafuta mengi anaweza kuonyesha kolesteroli ya juu kwenye damu, lakini anaitengeneza mwenyewe ili kuyasafirisha mafuta hayo, na mfuko wake wa nyongo hauugui kwa hilo. Tatizo la mafuta kwa ng'ombe liko kwenye tumbo la kwanza: yakizidi asilimia sita au saba ya chakula kikavu, yanawasumbua vijidudu wanaomeng'enya majani, na ng'ombe anapunguza kula. Hayo mawe ya nyongo ya ng'ombe ambayo watu huyatafuta machinjioni ili kuwauzia Wachina kwa dawa ni ya rangi ya nyongo, bilirubini na chokaa. Hayatokani na kolesteroli.

Ukikuta mfuko wa nyongo wa ng'ombe si wa kawaida, fikiria mambo ya hapa kwetu. Ndigana baridi, inayoletwa na kupe, huacha mfuko umevimba na nyongo nzito ya kijani iliyokolea, wakati mwingine kama uji. Mnyama yeyote aliyekaa siku kadhaa bila kula naye mfuko wake utakuwa umejaa. Na minyoo ya ini, wale bapa kama jani, wanaishi kwenye mirija ya nyongo na kuifanya iwe minene hata kisu kikipita unasikia kukwaruza. Kama unalisha kwenye mabonde yenye maji na konokono, dawa ya minyoo hiyo ndiyo ya kumwuliza bwana mifugo wako, uachane na hofu ya mashudu.

Sasa mbwa.

Kwa karne nzima na zaidi madaktari wamejua kwamba mbwa ni mgumu kupata mawe ya kolesteroli. Nyongo yake ina chumvi nyingi na kolesteroli kidogo. Kuna jaribio la zamani ambalo bado linasimuliwa vyuoni: jiwe la kolesteroli lililotolewa kwa mtu likiwekwa ndani ya mfuko wa nyongo wa mbwa, baada ya muda linayeyuka. Mishipa yake nayo ni migumu kuharibika. Steiner na Kendall mwaka 1946 walifanikiwa kuiharibu pale tu walipounganisha kolesteroli na dawa ya kuizima tezi ya shingo. Kwa hiyo kama mwanao anaogopa kwamba mbwa amejaa mawe, mwambie atulie kidogo.

Lakini kutopata mawe hakumaanishi mfuko hauguswi. Majaribio kwa mbwa waliolishwa mafuta na kolesteroli nyingi yameonyesha kwamba kolesteroli ya damu inapanda na mfuko unapungua nguvu ya kujikamua baada ya mlo, kama tulivyoona kwa kindi. Na mfuko wa mbwa usiojikamua vizuri unajaza tope, na kwa baadhi yao unajaza ute mzito unaoganda mpaka mfuko mzima unakuwa kama umejazwa jeli ngumu. Hali hiyo ya pili ni hatari, mfuko unaweza kupasuka. Inaonekana zaidi kwa mbwa wa aina fulani, hasa Shetland Sheepdog na Cocker Spaniel, na kwa mbwa wenye mafuta mengi kwenye damu, wenye tezi ya shingo iliyopoa, au ambao tezi zilizo juu ya figo zinatoa homoni ya kotisoli kupita kiasi. Chakula pekee hakijathibitishwa kuwa chanzo chake. Ninaona chakula kama mzigo unaoongezwa juu ya udhaifu uliokuwepo.

Nimejaribu kupiga hesabu ya sahani ya mbwa wako, kwa sababu watu hudhani vipimo vya maabara havifikiwi nyumbani. Yai moja lina kolesteroli karibu gramu 0.2. Ubongo wa kondoo, na wa mbuzi hauachani naye mbali, una zaidi ya gramu 1.3 kwa kila gramu 100. Mbwa wa kilo 25 hivi anakula kama gramu 400 za chakula ukiondoa maji. Ubongo mmoja wa mbuzi pamoja na mayai manne kwa siku ni gramu mbili na ushei za kolesteroli, sawa na nusu asilimia ya chakula chake chote kikavu. Hiyo ni nusu ya kile wanachopewa vipanya wa C57L! Kwa binadamu, kufikia asilimia 1 ingebidi ale mayai kama 25 kwa siku. Na yupo aliyefanya hivyo: mwaka 1991 Fred Kern wa Colorado aliandika habari za mzee wa miaka 88 aliyekula mayai 25 kila siku kwa miaka mingi na kolesteroli ya damu ikabaki ya kawaida, kwa sababu utumbo wake ulifyonza asilimia 18 tu ya kolesteroli na ini lake liliigeuza nyingi kuwa chumvi za nyongo. Mzee yule alijaliwa mwili wa kujitetea. Wa mbwa wako hatujui umejaliwa nini, na ushahidi tulionao ni lile tope.

Kuhusu tope lenyewe: mbwa wengi wazima, hasa wenye umri kama wa kwako, wanakutwa nalo bila kuumwa chochote. Mweleze aliyempiga ultrasaundi akuambie jambo moja, kwamba mbwa alipogeuzwa upande, tope lilisogea au lilibaki palepale? Likisogea ni tope la kawaida. Lisiposogea, na picha ikionyesha mistari inayotawanyika kutoka katikati kwenda kwenye ukuta, huo ni ule ute ulioganda, na hapo mazungumzo yanakuwa ya upasuaji.

Pia sina hakika kwamba kutapika kulitokana na nyongo. Mbwa anayepewa mafuta ya figo kwa wingi anatapika mara nyingi kwa sababu kongosho limevimba. Omba wapime kongosho, na wakiwa wanachukua damu wapime pia vimeng'enya vya ini, bilirubini, homoni ya tezi ya shingo, na kolesteroli pamoja na trigliseridi akiwa hajala kwa saa kumi na mbili. Kolesteroli ikiwa juu huku tezi imepoa, tiba ni ya tezi, na chakula kitafuata.

Kwenye sahani, toa kabisa ubongo na mafuta ya figo. Vichwa vya mbuzi mpe nyama ya mashavu na ulimi, ichemshe, uache mchuzi upoe usiku kucha, kisha engua mafuta yaliyoganda juu kabla ya kuuchanganya na ugali au wali. Kuku bila ngozi ni sawa. Yai moja mara mbili kwa wiki halitamdhuru. Manne kila siku hapana. Usikimbilie kumwondolea mafuta yote, maana mafuta kidogo ndiyo yanayoamsha kolesistokinini na kuufanya mfuko ufanye kazi. Kama ulikuwa unampa mlo mmoja mkubwa jioni, ugawe uwe miwili au mitatu kwa siku, ili mfuko usilale saa ishirini na nne na nyongo ileile. Na kama amenenepa apungue polepole, kwa miezi. Kumshindisha njaa ili apungue haraka kunaujaza mfuko zaidi.

Ipo dawa, asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo Mjapani Shoda aliitenga kutoka kwenye nyongo ya dubu mwaka 1927 na sasa viwanda vinaitengeneza kutokana na nyongo ya ng'ombe. Inaifanya nyongo iwe nyepesi, na sisi madaktari wa mifugo tunaitumia kwa mbwa wenye tope. Lakini haipewi pale ambapo mrija umeziba, kwa hiyo ni ya kuandikiwa baada ya vipimo.

Limau na mafuta ya zeituni ni hatari kwa sababu mbili. Kikombe cha mafuta kwa mbwa ambaye kongosho lake tayari lina mashaka kinaweza kumlaza kitandani au kumuua. Na kama mfuko una ute ulioganda, kuulazimisha ubane kwa nguvu ni kuuombea upasuke. Yale madonge ya kijani ambayo watu huyaona chooni baada ya kunywa mchanganyiko huo yalipopimwa maabara yalikutwa ni sabuni iliyotengenezwa tumboni kutokana na mafuta na limau yenyewe. Hayakuwa mawe.

Rudia ultrasaundi baada ya wiki sita hadi nane za chakula kipya, akiwa hajala, kisha ale na apimwe tena baada ya saa moja hadi mbili, ili muone kwa macho kama mfuko umepungua. Usipopungua, mwambie daktari wako aangalie tezi tena. Na wakati wowote ukiona fizi au weupe wa macho umegeuka manjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, tumbo linamuuma ukiligusa, au ametapika siku nzima na hataki kula, usisubiri tarehe ya kurudi. Mpeleke siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.